Salamu zangu za Jumapili ziliwafikia wadogo zangu nikiwa nimekaa nao sinia moja

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenipata mimi mwenyewe, sipunguzi wala sipambi.

Siku ile tulikuwepo wanne: mimi, mdogo wangu Sabina anayesomea unesi Sengerema, Deusi kitinda mimba wetu ambaye ni fundi pikipiki Igogo, na mama mdogo Koku, mwenye nyumba anakoishi Sabina.

Wazazi walifariki nikiwa kidato cha pili. Nikaacha shule niwalee hawa wawili. Nikaajiriwa stationery, kompyuta nikajifunzia hapo hapo, mpaka nikaanza kuandika code.

Leo ni data engineer wa kampuni ya nje ambayo program zake zinanunua na kuuza hisa zenyewe. Mimi naandaa bei zinazoingia humo.

Ofisi ni chumba changu Mkolani. Wenzangu nawajua kwa majina ya kwenye screen. Siku nzima inaweza kupita sijasikia mtu akiniita.

Kazini tuna kitu kinaitwa heartbeat. Kila chanzo cha bei kinatuma alama ndogo kuonyesha kiko hai. Hakuna anayeisoma. Ikifika, taa ya kijani. Isipofika, kengele inalia.

Sasa wakuu, kazi iliponibana nikaandika script, programu ndogo inayojiendesha yenyewe. Kila Jumapili saa nane mchana iwatumie wadogo zangu: "Habari za wiki, mdogo wangu? Dada nakukumbuka."

Wakijibu chochote, script inapokea yenyewe na kuwasha kijani. Wasipojibu, ndipo nishtuke.

Miezi saba, kijani tupu. Nikajiona dada bora.

Jumapili ile mimi na Deusi tukavuka ziwa kwa kivuko kwenda Sengerema. Tumezunguka sinia la ndizi na sato, mkono wangu umo humo, simu zao mbili zikalia kwa pamoja.

Deusi akasoma kwa sauti, akaangua kicheko. "Dada, unanikumbuka huku unanimalizia samaki?"

Mama mdogo naye: "Yesu na Maria! Umeandika kwa mguu?"

Nikacheka, nikawaeleza kuhusu script. Sabina hakucheka.

"Na majibu yangu alikuwa anayasoma nani?"

Nikamega ndizi.

"Dada, nakuuliza."

"Hakuna."

Akanawa mkono, akatoka nje. Upande wake wa sinia ukabaki na chakula.

Kwenye kivuko cha kurudi nikafungua majibu yake. Thelathini. Mengi ni "Salama dada." Lakini katikati: "Leo nimemwandaa marehemu kwa mara ya kwanza, nimeogopa. Na wewe ulikuwa unaogopa ukitulea peke yako?"

Na jingine: "Nimeenda kaburini kwa mama. Lini tutaenda wote?"

Yote script yangu ilikuwa imeyawekea kijani.

Nikaifuta. Nikampigia kuomba radhi. Akasema, "Nimekusamehe, dada. Ila nilikuuliza vitu. Vijibu."

Nilichojifunza: kujua mtu yu hai siyo kujua habari zake. Nilijiona mpweke chumbani kwangu, kumbe kuna mtu aliniandikia miezi saba.

Mnaolea wadogo zenu kwa mbali, mnafanyaje? Hata wa kunisema aseme, nitasoma kila comment, safari hii kwa macho yangu.

Namjibu Sabina moja moja, kwa ujumbe wa sauti. Nimefika jibu lake la kumi na mbili.

Lile la kaburini nimeliruka. Halijibiki kwa simu, na bado sijavuka ziwa kwenda naye.