Hati ya Vichanja vya Minago

Kanuni ya Chausiku ilikuwa hii: hasaini hati ya kupokea kazi mpaka aione kazi hiyo ikifanya kile ilichojengewa. Daraja lipitwe na mzigo, bomba litoe maji. Kwa miaka tisa aliyosimamia miradi katika shirika moja dogo la Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, aliivunja mara moja tu, katika kijiji cha wavuvi cha Minago, na hakuivunja kwa kutojua.

Mradi ulikuwa wa vichanja sitini vya kuanikia ndagala, ili wanawake waache kuanika dagaa hao mchangani. Wafadhili walitaka kuviona kabla ya kurudi kwao, na siku waliyoichagua iliangukia mwezi mpevu. Kila mtu wa pwani ile anajua kwamba mwezi ukijaa, taa za wavuvi hazivuti samaki, na mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Vichanja vilikuwa vitupu. Vilipendeza, miti imenyooka, wavu wa waya unang'aa.

"Tungoje mitumbwi itoke, shefu," Chausiku alimwambia Mardochée, mkurugenzi wake.

"Wageni wametoka mbali, wewe unangoja samaki? Saini, mama, tupige picha."

Akasaini.

Siku tisa baadaye mitumbwi ilirudi imejaa. Wanawake wakamwaga ndagala mbichi, nzito kwa maji, na kabla ya saa nne asubuhi vichanja ishirini na viwili vilikuwa vimekaa chini. Miti ilikuwa myembamba kuliko ilivyoandikwa katika mkataba. Naomie, kiongozi wa waanikaji, alimpigia simu, na Chausiku akapanda pikipiki kwenda.

"Amahoro, mama mukubwa wa karatasi!" Naomie alimpokea, mikono kiunoni. "Njo uone meza zako zimelala kama walevi. Ulipokuja kusaini, uliweka hata samaki moja juu?"

"Hapana."

"Hata nepi ya mutoto hukuanika!" Wenzake walicheka, lakini hakikuwa kicheko cha kumkaribisha mtu.

"Ni kosa langu, Mama Naomie."

"Kosa, watoto hawawezi kula. Ndagala zangu iko mu muchanga."

Chausiku aliinama akaokota pamoja nao mpaka mchana. Aliporudi ofisini, Mardochée alimwambia hati imekwisha kusainiwa, wafadhili wameridhika, na mradi umefungwa. Chausiku hakuwa na wa kumuuliza. Ofisini alikuwa msimamizi peke yake, na nyumbani watu walijua tu kwamba anafanya kazi ya kompyuta.

Revokatus, aliyesoma naye chuo na sasa anasimamia ujenzi wa barabara, ndiye aliyemwita Bujumbura kwenye chama cha wasimamizi wa miradi.

"Mimi nivae koti nikapewe cheti?" Chausiku alimcheka kwenye simu.

"Cheti utangoja sana, dada. Kule tunaulizana. Njoo Jumamosi."

Wapo wengi wanaoingia vyama vya kazi ili wapate kitu cha kutundika ukutani, au majina ya wakubwa wa kuwapigia simu. Sababu hizo ni nyepesi, na anayeingia kwa ajili yake hutoka vilevile alivyoingia. Mtu huhitaji wenzake wa kazi ili wamuulize swali ambalo bosi wake hatamuuliza.

Walikutana katika darasa la shule, watu kumi na sita kwenye madawati ya watoto. Desturi yao ilikuwa kwamba anayeomba kuingia husimulia kwanza kazi aliyoiharibu. Chausiku akasimulia Minago. Hakuna aliyemcheka, wala aliyempa pole. Mwenyekiti, Elda, mama aliyezeeka katika miradi ya chemchemi za maji, alimtazama juu ya miwani.

"Siku ya kupokea aliichagua nani?"

"Wageni."

"Ulijua mwezi ni mpevu?"

"Mimi mzaliwa wa Rumonge, mama. Nilijua."

"Basi iandike hivyo, uwapelekee wafadhili. Ukishaandika, karibu kwetu. Usipoandika, njoo tu kutusalimia."

Barua ilimchukua wiki nzima. Alieleza kwamba hati aliyoisaini haikuwa kweli, kwamba vichanja havikupimwa kwa mzigo, na kwamba miti haikulingana na mkataba. Revokatus aliisoma, akafuta sentensi mbili za kujitetea. Kisha Chausiku akamwonyesha Mardochée kabla ya kuituma, kwa sababu hakutaka kumzunguka mtu.

"Ukituma hii, tafuta ofisi nyingine," Mardochée alisema.

"Nimekuelewa, shefu," akajibu, akaituma mbele yake.

Wafadhili walikasirika, wakauliza maswali mengi, halafu wakamtaka fundi aliyejenga vichanja arudie kazi kwa gharama yake mwenyewe. Miti minene ya mikaratusi ililetwa. Safari hii siku ya kupokea waliichagua wanawake: asubuhi ya tatu baada ya mitumbwi kuanza tena kutoka. Chausiku hakualikwa na shirika. Naomie ndiye aliyemwita.

Walimwaga ndagala kwenye vichanja vyote sitini, wakangoja. Naomie akapita akitikisa mti mmoja mmoja, kisha akapanda akaketi juu ya kimoja, katikati ya samaki, na mwili wake si mdogo.

"Iko nguvu!" alipiga kelele. "Sasa leteni karatasi, nisaini mimi!"

Tangu siku hiyo kila mpango wa kazi ya pwani unaopita mikononi mwa wanachama wa chama kile cha Bujumbura una mstari unaosema siku za mwezi mpevu hazipokelewi kazi za samaki. Chausiku ndiye aliyeuandika, na ni mwanachama.

Barua ile ilimgharimu nafasi yake ya miaka tisa, na shirika likamnyima barua ya sifa. Sasa anasimamia kazi ndogondogo za wakulima wa michikichi, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu.