Fundi wa Kinu cha Nyanchera

Fundi yule, jamani, hakugusa skrubu mbili kwa pamoja. Alilegeza moja, akasaga konzi ya wimbi, akaufikicha unga kwa kidole gumba, akairudisha skrubu ilipokuwa, ndipo akashika nyingine. Nyanchera, mwenye kinu, hakumwondolea macho. Wateja walikuwa wakimhamia jirani wa Ekerenyo, na kinu cha huko kilitengenezwa na fundi huyu huyu. Alasiri mashine ikakimbia ajabu. Fundi akaipunguza kasi.

“Wee!” Nyanchera akamaka. “Wa Ekerenyo wamekutuma unimalize?”

“Shika, mama.” Akazima mashine, akammiminia kiganjani unga wa ile kasi: wa moto, unanuka kuungua. Kisha ule wa polepole, umepoa, laini.

Nyanchera akanusa tena. “Na Ekerenyo?”

“Polepole hivi hivi.”

Akavuta kigoda hadi mlangoni, akaketi. “Basi washa, nione.”