Bloku Nzima
Fundi wa gereji ya mtaani kwetu hana pupa. Kwanza hufuta mikono yake minene kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kisha huinamia injini na kuisemesha kwa sauti nzito ya chini: "Haya bibie, unaumwa wapi?" Juzi dada yangu alimletea pikapu yake ya dizeli, ile anayobebea mboga, macho mekundu kwa kulia. Maji yalikuwa yamechanganyika na oili, na mafundi wawili walishamwambia bloku, mwili wenyewe wa injini, imepasuka, aiuze chuma chakavu. Fundi akafungua silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, akasugua bloku mpaka ikang'aa, akaziba matundu ya maji, akajaza upepo ndani na kupaka povu la sabuni kila pembe. Mimi na dada tukasogea kuangalia. Alizunguka na tochi mara tatu, asione kiputo hata kimoja cha kuonyesha ufa.

"Dada, bloku nzima! Kilichoungua ni gasketi tu, ile ya kati ya bloku na hedi."

Dada alimrukia na kumkumbatia, grisi na yote. Fundi akaona haya, akainamisha kichwa, halafu kikamtoka kicheko chembamba ambacho hatukuwahi kukisikia, na gereji nzima ikaangua kicheko naye.