Siku Nilipomfichia Mama Mkwe Viatu

Nakumbuka asubuhi niliyochukua kandambili za mama mkwe wangu nikazificha nyuma ya gunia la muhogo. Usinicheke kwanza, mwanangu. Nilikuwa nimeolewa karibuni Bukima, nimetoka kwetu Butiama kwenye ng'ombe, na kila alfajiri mama yule alinipita mlangoni mbio mbio kwenda ufukweni kugeuza dagaa walioanikwa, akisalimia kila nyumba kwa sauti. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mkamwana amekaa, mkwe anahangaika. Niliona aibu. Kwetu heshima ya mkwe ni kiti na uji wa moto.

Basi nikamkalisha. Miezi ikapita hajavuka ua, nami nikajisifu kweli kweli.

Kisha akaanza kusinzia mchana na kuniita kwa jina la dada yake. Jumapili moja kanisani, yeye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo, akasahau ubeti wa pili. Nililia, mwanangu. Niliogopa tunampoteza angali hai.

Tukampeleka zahanati. Mganga akampima presha, kisha akaniuliza mimi, "Huyu mama anatembea?"

"Hapana, nampumzisha," nikasema kwa fahari.

Akatikisa kichwa. "Mtu mzima akitembea haraka kila siku, moyo unasukuma damu vizuri mpaka kwenye ubongo. Kukaa kutwa hakumsaidii."

Mama mkwe akanigeukia palepale. "Mkamwana, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi umenifanya mgeni kwangu! Nilikuwaga nafika ziwani kabla ya jua, sasa hata jina lako linanikimbia. Nipe viatu vyangu."

Tulianza taratibu, mpaka kwa jirani na kurudi. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya wiki nyingi tukafika ufukweni. Haikuwa miujiza, maana kuna majina hayakurudi kabisa. Lakini macho yalichangamka, na utani wake ukarudi na makali yote. Siku moja tukipanda kurudi nyumbani nilisimama nahema, naye akanipita akiimba ubeti ule wa pili mpaka mwisho. Nilipiga vigelegele katikati ya njia, watu wakatoka kuuliza nani anaoa.

Leo bibi ni mimi, naishi Musoma mjini, na ninyi mmeanza kunivutia kiti. Nawapenda, lakini sikieni. Ukimpenda mzee wako, tembea naye kila siku, mwendo wa kumfanya aheme kidogo huku bado anaweza kupiga soga. Kama ana maradhi, muulizeni daktari kwanza. Asitumwe kama punda, lakini asifungiwe ndani kwa jina la heshima.

Mungu akujalie uzee wa miguu myepesi, na kichwa kitakachowajua vitukuu vyako mmoja mmoja. Haya, inuka unisindikize. Ukichoka uniambie, nitakusubiri.