Kimea Mdomoni mwa Mgodi

Egesa alikuwa amechoka hadi kivuli chake kilikuwa kikifika mahali kinatafuta jiwe, kinaketi, halafu kinamngoja yeye. Alikuwa mkaguzi wa migodi wa serikali, peke yake na pikipiki moja, kutoka Malaba mpaka mashimo ya huko Funyula. Wakubwa wake walisema watamletea mwenzake. Huyo mwenzake mpaka leo yuko njiani, na kama anakuja kwa miguu, basi alianzia Misri.

Mgodi uliomkausha kabisa ni ule wa kilimani, nyuma ya Malaba. Wanachimba dhahabu, lakini mawe yake yana urani ndani, na urani hutoa hewa mbaya isiyo na harufu wala rangi. Mtu anaivuta leo akiimba, miaka ikipita mapafu yanaharibika. Ndiyo maana sheria inataka kila shimo liwe na feni ya kusukuma hewa safi chini, na mkaguzi aingie na mashine yake kupima.

Mgodi ule una midomo miwili. Wa kwanza una feni kubwa, ile ambayo siku moja ilimpeperusha jogoo wa watu akatua Tororo, na huko akaanza kuwawikia Waganda. Olinga, msimamizi wa mgodi, alipenda sana kumwonyesha Egesa feni hiyo.

"Bosi, sikia upepo! Hii ni baridi ya Mlima Elgon!"

Mdomo wa pili Egesa hakuwahi kuufikia. Kila akielekea huko anamkuta Mama Apeduno, mama mzazi wa mkewe Alaso, ameketi mlangoni kabisa, ameanika kimea cha wimbi cha kupikia pombe ya ajono. Na kwa Wateso, kama kwao Egesa kule Samia, mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe. Akimwona njiani, anaingia kichakani. Akimkuta ameketi amenyoosha miguu, hapo anakimbia. Egesa, mtu mzima, kofia ya serikali kichwani, alikuwa anakimbia. Miiba ya kilima kile ilimjua kwa jina.

Aliyempa mama ruhusa ya kuanika pale ni Olinga. "Mama, hapa saruji ni safi, jua linapiga vizuri." Wachimbaji wakishaingia, askari wa getini akisikia pikipiki mbali, mama anaitwa akageuze kimea chake. Egesa alijua anachezewa. Alijua zamani. Lakini uchovu ukishakuingia kwenye mifupa, hata kudanganywa unaona ni mapumziko. Aliandika kwamba mdomo wa pili haukufikika, akaenda kulala. Hakumwambia mkewe. Utamwambiaje mkeo kwamba mama yake ndiye gogo barabarani?

Asubuhi moja Alaso alikuwa anamwaga chai.

"Baba Vivianne, huyu Austine wetu anakohoa kama trekta. Kila jioni kichwa kinamuuma. Nimemwambia aache huo mdomo wa pili, hasikii."

Egesa akaweka kikombe chini. Austine ni kitinda mimba wa Mama Apeduno. Kumbe mama amekalia mlango wa mwanawe.

Alipofika kilimani, mama alikuwa pale, miguu imenyooka. Miguu ya Egesa ikaanza kukimbia yenyewe, kwa mazoea. Akaikamata pikipiki kwa mikono miwili, akageuza uso, akampa mama mgongo.

"Wewe pikipiki," akasema, "msalimie mwenye kimea."

 Sauti ya mama ikatoka nyuma yake, ikiuambia ungo wake wa kupepetea kimea.

"Wewe ungo, hebu uliza pikipiki ina wazimu gani leo. Siku zote hukimbia."

"Pikipiki, mwambie humo ndani hewa ni mbaya, inaua polepole. Mimi ndiye wa kuipima, lakini kila nikija nakuta njia imekaliwa."

"Ungo, mwambie Austine wangu yuko humo. Olinga alisema feni yao iko chini kabisa, ndiyo maana haisikiki."

"Pikipiki, mwambie kama iko, nitaiona. Nikipita."

Olinga akaja mbio, jasho linamtiririka. "Mama, kaa, usisumbuliwe! Bosi, heshima basi! Huyu ni mama mkwe wako!"

"Wewe nyamaza," mama akamwambia. "Ninaongea na ungo."

Akainuka. Akakunja turubai na kimea chake, akajifunika leso kichwa chote, akageukia mwamba.

"Ungo, mwambie pikipiki ipite. Hapa hakuna mtu. Hapa kuna gunia."

Egesa akapita. Huko chini mashine yake ililia kama bisi za soko zima la Matayos zimewekwa kwenye sufuria moja. Feni hakuna. Kulikuwa na ndoano ya kuitundikia, na wachimbaji walikuwa wametundika mashati yao. Akawatoa wote. Austine alitoka wa mwisho, anakohoa na kutukana.

"Shemeji, umenimalizia kazi!"

Egesa akampita. Akafunga utepe wa serikali mlangoni, akaketi juu ya jiwe. Utepe huo aliujua. Kwenye migodi mingine hukatwa kabla injini ya pikipiki haijapoa, na kesho yake unauona umefunga mbuzi wa mtu. Atarudi, atafunga mwingine, utakatwa. Akafumba macho.

Akasikia turubai likitandikwa. Mama Apeduno alikuwa amerudisha kimea mlangoni, chini ya utepe. Akaketi. Akanyoosha miguu.

"Ungo, mwambie Olinga mpaka nisikie feni ikilia humu, hapa hapiti mtu."

Olinga akawageukia wachimbaji wake wamwondoe. Lakini Mama Apeduno ana mabinti, na mabinti wa dada zake, na kilima kizima kimeoa kwake. Wanaume wale walikuwa wameshaona ile miguu. Walikuwa wanaingia kichakani mmoja mmoja, kofia mkononi.

Egesa naye akasimama, akasukuma pikipiki mpaka kwenye miiba yake. Mara hii hakukimbia. Alikwenda polepole, anaburuza viatu, na kivuli chake nyuma.