Siku Tulipoosha Injini

Kuna asubuhi moja ya kiangazi isiyonitoka akilini, mwanangu, na leo imerudi yote nilipokukuta na ndoo na sabuni, ukiliosha gari kabla ya kulipeleka garaji. Weka ndoo chini kidogo. Gari halitakimbia, na kama ni hilo ulilouziwa na rafiki yako, nina wasiwasi kwamba hata likitaka halitaweza.

Wakati ule nilikuwa nasoma falsafa chuo kikuu, Lubumbashi, elimu ambayo haijawahi kuwasha gari la mtu, na nilikuwa nimerudi Likasi kwa likizo. Papa, yaani babu yako, fundi umeme wa kiwandani, alikuwa na gari jeupe lililozeeka kwa heshima. Alikuwa amemwahidi Yaya Odette, dada yangu mkubwa, kwamba ataingia Kolwezi kuolewa akiwa ndani ya gari la baba yake, si la kuazima. Angepanda pamoja na Kambo, bibi yetu, ambaye miguu yake haikuweza tena kuvumilia basi. Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki ileile.

Kabla ya safari hiyo, Papa aliamua kufanya vidanje, yaani kumwaga mafuta ya zamani ya injini na kutia mapya, na kuifanyia kwa konsesioneri, kwenye garaji ya watu wenyewe wanaouza magari ya aina ile. Kwetu hilo halikuwa jambo la kwenda na kandambili. Mama alikataa kabisa gari letu lifike mbele ya watu likiwa na vumbi jeupe la barabara ya Kakontwe, kwenye machimbo ya chokaa. Tukaliosha. Kisha akafungua kifuniko cha injini, akatazama ndani kama anayekagua jiko la mkamwana, akasema na humo pia. Nikachukua mswaki wa zamani na sabuni ya unga, nikasugua mpaka injini ikang'aa kama sufuria za Krismasi. Papa alisimama pembeni, anautazama mswaki wangu. Nilidhani anaisifu kazi yangu moyoni. Kisha akavaa koti lake la Pasaka, Mama akafunga kitenge cha sherehe, tukaondoka.

Mkuu wa garaji, Chef Ilunga, alikuwa mzee wa parokia yetu. Alitupokea vizuri, akauliza habari za nyumbani, za kazi, za bibi-arusi, na kwa kila swali Papa alijibu kwamba ni muzuri. Akauliza na habari za gari. Papa akajibu kwa sauti ileile ya salamu: iko muzuri tu, tunaomba vidanje.

Chef akafungua, akainama, akapitisha kidole kwenye injini inayong'aa. Halafu akauliza nani ameosha. Mama akajibu kwa fahari kwamba ni sisi, na kwa sabuni.

"Mama Odette," akasema Chef, "mulisha kuosha kidonda. Sasa miye nitaona namna gani fasi, pahali damu inatokea?"

Akamgeukia Papa, akapunguza sauti.

"Papa Odette, salamu tulisha kumaliza. Sasa mutuambie mabaya yake."

Papa alitazama viatu vyake. Halafu, polepole, akaanza kusema. Kwa miezi alikuwa akiamka kabla yetu ili aongeze mafuta ya injini, maana yalikuwa yakipungua na hajui yanakwenda wapi. Kwenye milima alisikia harufu ya kuungua. Hakumwambia mtu, kwa sababu Mama angejua, angetafuta gari la kuazima, na ahadi yake kwa Odette ingeishia hapo.

Nilisubiri radi. Mama alikaa na mkoba wake magotini, kisha akauliza kwa upole, "Na injini ingekufa mu njia, Kambo nani angemubeba ku mukongo? Huyu wa falsafa?"

Chef alituamuru turudi barabara ya Kakontwe, tuendeshe mpaka tushibe vumbi, na kitambaa chochote kisiguse gari. Tukaenda hivyohivyo, koti la Pasaka na kitenge cha sherehe, vioo vimefungwa na vumbi likiingia. Tuliporudi, vumbi lilikuwa limegandia kwenye mafuta yaliyovuja na kuchora mstari kutoka kwenye mpira mmoja uliochoka wa kuzuia mafuta ya injini hadi kwenye bomba la moto la moshi. Mpira ukabadilishwa, vidanje ikafanyika, na Jumamosi Yaya Odette alishuka Kolwezi kutoka gari la baba yake, shela yake nyeupe, na Kambo nyuma yake akilalamika kwamba tumekwenda polepole mno. Mishono ya koti la Papa bado ilikuwa na vumbi. Hakulipangusa.

Miaka ilipita. Siku moja daktari alimuuliza Papa anajisikiaje, naye akaanza: muzuri tu, docteur. Mama, aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni, hakuinua hata macho. "Papa Odette, salamu tulisha kumaliza." Papa akacheka, kisha akaeleza habari ya kifua chake, ambayo hakuna aliyeijua. Kwa sababu hiyo tulikaa naye muda mrefu zaidi, yeye na hadithi zake na gari lake.

Kwa hiyo, mwanangu, lipeleke lilivyo. Mwambie fundi kinacholia, kinachonuka, kimeanza lini, na ni kwenye mlima upi. Mwombe akuonyeshe alichokitoa. Usingoje wiki ya harusi. Na mtu ambaye kazi yake ni kukusaidia akikuuliza habari, usimjibu kama unavyomjibu jirani getini.

Hayo maji kamwagilie mchicha wa mama yako. Nenda salama, urudi salama. Mungu akujalie injini yenye pumzi ndefu, na watu wa kuwaambia mabaya yako bila kuvaa kwanza koti la Pasaka.