Kadi Iliyofika Kwenye Gunia la Maharage

Nilitoka Njombe na mashati mawili, suruali niliyoivaa, na cheti cha kidato cha nne nilichokifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kukibana tumboni kwa mkanda. Safari ilichukua siku tano. Iringa nililala stendi. Dodoma nililala kwa mtu niliyefahamiana naye ndani ya basi. Karibu na Singida basi liliharibika, na jioni ilipofika tukamla kuku ambaye abiria mmoja alikuwa akimpelekea mkwewe. Kahama walipanda askari wawili wenye bunduki, kwa sababu msitu wa mbele ulikuwa na majambazi. Kondakta akatuambia tusiwe na wasiwasi, kisha mwenyewe akahama mlangoni akaenda kukaa katikati ya wanawake wawili wanene.

Lusahunga nilishuka kwa sababu nilikuwa na njaa, nikabaki kwa sababu palikuwa na kazi. Wakati ule kambi za wakimbizi kutoka Burundi zilikuwa zimejaa upande wa Ngara, na malori ya mahindi na mafuta yalipita hapo njia panda mchana kutwa. Wiki haijaisha nikawa karani wa kuhesabu magunia kwenye ghala la msafirishaji mmoja. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na kalamu sikioni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu mtu alikubali kunikopesha.

Mtu huyo alikuwa mama mwenye duka lililotazamana na ghala. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi zamani, kabla ya kambi hizi. Yeye alizaliwa Ntobeye na kuolewa Lusahunga. Hakutumia daftari. Kila mkopaji alikuwa na kadi yake, kipande cha boksi la mafuta ya msaada kilichokatwa sawasawa na daftari la shule, kikatobolewa juu na kutundikwa kwenye msumari ukutani, wazi, kila anayeingia akione. Kadi ikijaa, mama alikushonea kipande kingine chini yake kwa uzi wa gunia.

Siku nilipotaka redio aliniuliza dhamana. Nikatoa cheti ili aone kwamba anazungumza na msomi. Akakisoma chote, mpaka jina la shule, akakikunja na kukitia kwenye kopo la majani ya chai.

"Basi kitakaa humu, kisilowe," alisema, akanipa redio.

Sikulala njaa tena. Baada ya redio nilichukua viatu vya kuchongoka mbele, na koti la ngozi ambalo kwa joto la mchana lilinipika kama ndizi. Makuli wakishusha gunia la mwisho nilikuwa nikisema, "Mama, soda kwa wote, andika kwangu." Nilipenda sana kusema andika. Mwaka ulipokwisha kadi yangu ilikuwa na vipande vinane. Ilianzia juu ya mizani ikashuka ukutani hadi kugusa gunia la maharage sakafuni. Za wengine zilikuwa kama vitambulisho. Yangu ilikuwa kama pazia.

Ndipo habari zikaja kwamba wakimbizi wameanza kurudi kwao, na ghala litafungwa baada ya miezi minne. Makuli wangepata mzigo kwingine, kwa kuwa mabega yao wangeondoka nayo. Kazi yangu mimi ilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai.

Chumba nilipanga na kuli mmoja, Msukuma mwenye shingo kama kinu. Jumapili ile tuliiazima kadi tukaitandika kitandani. Ilizidi kitanda.

"Panda lori, ukimbie," alisema.

"Na cheti?"

"Si unajua yaliyoandikwa humo? Uwasimulie."

Nilifikiri kuukata mshahara kidogo kidogo. Tukapiga hesabu tukakuta nitamaliza baada ya mwaka mmoja na nusu, katika ghala ambalo halitakuwepo. Kisha nikapata wazo lililonifanya nisimame juu ya kitanda: ningefungua kadi nyingine kwa muuza vyombo ng'ambo ya barabara, nichukue masufuria, niyauze kwa madereva, nimlipe mama. Yule muuza vyombo alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akanyoosha kidole.

"Karani, kadi yako naisoma kutoka hapa nilipokaa."

Tulicheka mpaka kuli, aliyekuwa amenisindikiza, akaegemea nguzo ya kibanda. Nilikuwa nimebanwa kila upande, na bado sikumbuki kipindi kingine nilichocheka kiasi hicho.

Jumatatu nikaenda kwa mama mwenyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Leo soda ngapi?"

"Leo nimekuja kuuliza nitakulipaje."

Akaiweka kalamu chini. Alisema dada yake mkubwa ana shamba Ntobeye, sehemu imelala, na mvua zinakaribia. Nilime maharage. Kila gunia nitakaloleta atakata vipande viwili. Magunia manne, ukuta mweupe, na cheti changu mkononi.

"Nitakunyima soda tu mpaka uvune," aliongeza.

Mimi, ambaye sikuwahi kukaa mahali nikaona nilichopanda kikiota, nikakubali siku hiyohiyo.

Dada mtu alikuwa mjane mwembamba mwenye sauti kubwa. Alinipa debe moja la mbegu zilizochanganyika, njano, nyekundu, nyeusi, za madoa, na ndogo za zambarau. Nikaona ni uzembe. Shuleni tulifundishwa kilimo: mbegu moja, mistari iliyonyooka, kamba na kijiti. Tena nilijua madereva wanagombania ya njano. Nikalirudisha debe lile Lusahunga, na Jumamosi nzima mimi na kuli tukakaa sakafuni tukichambua, yeye akiimba, mimi nikiwa nimevaa koti la ngozi. Jumapili nikarudi Ntobeye na mafungu yangu. Ya njano nilikuwa nimeyaongezea mengine ya kununua kwa kuuza viatu. Yaliyobaki nikamrudishia mjane.

"Haya sitayahitaji, Mama mkubwa."

Akafungua mfuko, akatazama.

"Umeyachambua kwa langi?" Alitamka hivyo, kwa l, akaketi chini palepale. "Siku nzima? Mwanaume mzima?"

Akawaita majirani. Wakaja na majembe mabegani kuniangalia. Nikapiga kamba, nikapanda mistari iliyonyooka kiasi kwamba mzee mmoja alifumba jicho moja akachungulia kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mvua zikaja, zikasahau kuondoka. Kila Jumapili lori liliniteremsha barabarani, nikakodi baiskeli, nikaisukuma kwenye tope zaidi kuliko nilivyoipanda. Maharage yangu yaligeuka njano kuanzia majani, kisha yakalala chini mstari kwa mstari, kwa nidhamu kubwa. Siku niliyohakikisha kwamba mstari wa mwisho umeoza niliketi kwenye tuta. Nililiona kopo la majani ya chai likinifungia mfuniko.

Mjane akaja akasimama nyuma yangu.

"Umemaliza kuwalilia hao? Njoo uone wenzao."

Akanipeleka nyuma ya migomba. Mbegu nilizozirudisha alikuwa amezipanda zote, ovyoovyo, zimebanana kama watu kwenye mnada. Nyekundu zilikuwa zimeoza kidogo. Nyeusi na zile za zambarau zilikuwa hazijui kama kuna mvua.

"Ya nani haya?" niliuliza.

"Ya kwako. Sisi huwa hatujui mwaka utamtaka nani, ndiyo maana tunawapeleka wote."

Nilimrukia nikambeba, akanipiga mgongoni kwa ngumi huku akicheka, na majirani wakaja tena na majembe yao.

Tulivuna magunia mawili na debe moja. Nilipoyafikisha dukani mama akatumbukiza mkono, akatikisa kichwa. Mchanganyiko madereva hununua kwa bei ya chini. Vipande viwili kwa gunia alivitaja kwa maharage mazuri. Kuli, aliyekuwa ameegemea mlango, ndiye aliyesema:

"Mama, huyu bwana kuchambua ni kipaji chake. Mimi nimeshuhudia."

Tukakaa barazani mchana wa Jumamosi mbili, tukichambua. Nyeusi huku, zambarau kule. Madereva waliposimama kununua sigara wakaona mafungu safi ya rangi mojamoja, wakashuka. Wenye maduka ya jirani wakaniletea mchanganyiko wao, nikatoza kwa debe, na kila nilichopata kilivuka kaunta ya mama. Redio nayo ikaenda. Mkasi ulikata kipande, kisha kingine. Kadi ikapanda kutoka kwenye gunia hadi kwenye kaunta, kutoka kwenye kaunta hadi kwenye mizani. Kila kipande kilipoanguka makuli walipiga makofi. Kipande cha mwisho nilikilipa kwa mshahara wa mwisho, na koti la ngozi nikamwachia kuli. Halikumfunga kifuani.

Siku niliyoondoka basi la Mwanza lilipiga honi nikiwa bado dukani. Mama alikuwa ameshusha kopo. Cheti changu kilinukia chai, na bado kinanukia nikikiweka puani. Nikakibana tumboni. Mama akafungua soda, akanisogezea.

"Hii siandiki."

Sikuwa nimeonja soda kwa miezi minne. Nilikuwa nimefika nusu basi lilipoanza kutembea. Nikakimbia, kuli akanisukuma mlangoni kwa nyuma kama gunia, nikadondokea kwenye kiti cha dirishani nikishukuru kwamba nimeondoka mahali nikiwa sidaiwi na mtu.

Nikasikia sauti ya mama.

"Karani, chupa! Chupa yangu!"

Nikatazama mkononi. Nilikuwa nayo. Kuli alikuwa amejikunja katikati ya barabara, kashika tumbo, na koti langu limempasukia mgongoni.

"Andika, Mama," nilimjibu dirishani.

Kabla basi halijakata kona nilimwona anageuka kuingia dukani haraka, na najua alikwenda kutafuta boksi.